Bibi Salme na Majina Aliyowapa Wanawe

Mtaa wa River Road, hapa Nairobi, hausifiki kwa utulivu. Wachukuzi wanasukuma mikokoteni, makanga wanaita abiria, na kila duka lina kipaza sauti chake. Lakini katika ghorofa moja ya mtaa huo, hatua chache kutoka yanapoondokea mabasi ya Mombasa, pana mkahawa mdogo ambapo sisi watu wa pwani tuliotupwa bara na riziki hukutana kila Ijumaa tukisharudi kuswali Jamia. Mahamri na mbaazi hupatikana hapo, kahawa chungu hupatikana, na mazungumzo ndiyo yasiyokwisha.

Ijumaa moja aliingia kijana wa Lamu auzaye simu mtaani humo, uso umemkunjuka kwa furaha. Mkewe alikuwa amejifungua binti siku tatu nyuma, nyumbani kwao Kangemi. Tukampa hongera, tukamwombea mtoto maisha. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameorodhesha majina, naye akataka ushauri wa wazee kabla ya siku ya saba. Alitamani jina la kifalme, ila lisiwe la ugenini. Liwe jina la kwetu, lenye asili. Moja alikuwa amelipigia mstari: Salme.

Hapo ndipo palipokuwa na kishindo. Mamaye, aliyepanda basi kutoka Lamu kuja kumlea mzazi, alikuwa amelikataa jina hilo katakata. Alisikia kwamba Salme ni yule binti wa Sultani wa Unguja aliyetoroka na Mjerumani akaiacha dini yake. Mjukuu wake hataitwa jina la mtu kama huyo. Wazee mkahawani wakagawanyika, huyu akisema hivi na yule vile, mwisho macho yote yakanielekea mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kalamu. Niliwaambia kwamba hukumu ya jina haitangulii maisha ya mwenyewe. Basi wasomaji wangu, leo na tuyatazame maisha hayo, kisha kila mmoja apime.

Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Beit el Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, pale ambapo kijito huteremka na kuingia baharini. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaid, mtawala wa Omani na Unguja, yule aliyeustawisha mkarafuu katika visiwa vyetu. Mama yake aliitwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi kutoka nchi za milima ya Kaukazi. Huyu mama hakuja Unguja kwa hiari. Alitekwa utotoni katika vita vilivyowaua wazazi wake, akauzwa, na mwisho akaingia katika nyumba ya Seyyid Said, akawa suria wake. Kwa hiyo tangu mwanzo katika damu ya Salme mlikuwa na mambo mawili yasiyolingana: kiti cha enzi kwa upande mmoja, na soko la watumwa kwa upande wa pili.

Nyumba ile ilikuwa na watu wengi mno. Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36, na karibu wote walikuwa wa masuria. Katika nyumba kama hiyo jina halikuwa pambo tu. Ndilo lililomtenga mtoto mmoja na mwingine, na neno lile dogo la bin au binti likamfunga mtoto kwa baba yake, hata kama mama yake alinunuliwa kwa dinari. Mtumwa aliyeletwa nyumbani aghalabu alipewa jina jipya na bwana wake, na lile alilopewa na wazazi likapotelea njiani. Bali mtoto wa suria, baba yake akishamkubali, alikuwa huru na sawa na nduguze. Jina la baba lilikuwa ndiyo hati yake ya uungwana.

Salme mwenyewe aliandika baadaye jinsi watoto wa jumba hilo walivyopokelewa duniani. Binti alipofika siku ya saba alitobolewa masikio, matundu kadhaa kila sikio, yakatiwa uzi wa hariri nyekundu kungoja pete za dhahabu. Siku ya arubaini ndiyo iliyokuwa kubwa, maana siku hiyo nywele za kwanza zilinyolewa kwa ubani na sherehe, na nywele zenyewe hazikutupwa ovyo. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa mambo haya. Siku ya saba na siku ya arubaini tungali nazo, Lamu na Mvita hata Kangemi, na kinyozi wa leo ana mashine ya umeme, lakini ubani ni ule ule.

Jina lenyewe la Salme linatokana na shina lile lile la salama na Uislamu. Ni usalama, ni amani, ni kuepukana na shari. Aliyempa jina hilo alimwombea dua. Tutaona dua ile ilipita katika mawimbi gani.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, Salme na mamaye walihamia mjini, katika nyumba ya Beit el Watoro, kwa nduguye Majid. Huko alijifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Tena alifanya jambo ambalo watoto wa kike wa daraja yake hawakuruhusiwa. Mabinti walifunzwa kusoma Kurani tu, kuandika hawakufunzwa. Salme akachukua msahafu na mfupa wa bega la ngamia, akaanza kuiga herufi kwa siri, moja baada ya moja, mpaka mkono ukanyooka. Sisi tuliopitia chuoni kwa ubao na wino tunajua subira iliyohitajika. Kalamu ile ndiyo iliyomponza, na kalamu ile ile ndiyo iliyokuja kumhifadhi.

Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Omani. Majid akatawala Unguja, na nduguye Thuwain akashika Omani. Mwaka 1859 ugonjwa wa kipindupindu ukamchukua Jilfidan. Salme alibaki yatima, msichana wa miaka kumi na mitano, mwenye mashamba na fedha za urithi lakini hana mtu wa kumshika mkono. Mwaka huo huo nduguye Barghash akapanga kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, naye Salme alimpenda Khole mno, akavutwa. Kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa katibu wa njama ile. Barua za siri zikatoka mkononi mwake. Waingereza wakamsaidia Majid kwa manowari, uasi ukavunjika, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Majid hakumlipiza dadake mdogo. Alimsamehe, na Salme akapatana naye. Lakini kwa kupatana na Majid akawa amewakasirisha wale wa upande wa Barghash. Ndipo akawa mtu wa katikati, na wa katikati hupigwa na pande zote.

Alirudi mjini, akakaa katika nyumba iliyopakana na ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1839. Dari na madirisha ya mji ule yanakaribiana, na lugha waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili. Lililotokea likatokea. Salme akawa na mimba kabla ya ndoa, katika mji ambao siri haikai siku mbili, na kwa mtu asiye wa dini yake. Sitalipamba jambo hilo, wala sitalitangaza zaidi ya lilivyo. Ajuaye ya nyoyo ni mmoja tu.

Usiku wa tarehe 24 Agosti, 1866, alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ikampeleka Aden. Hakuwa amefikisha miaka ishirini na miwili. Huko Aden, Desemba, alimzaa mtoto wa kiume, naye akaitwa Heinrich. Mei 1867 Ruete akawasili kutoka Unguja. Tarehe 30 mwezi huo Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo wakaozwa. Kisha wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto Heinrich hakuifika Ujerumani, alikufa njiani.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopinduka. Mama alikuwa Salme binti Said, sasa ni Emily Ruete. Binti ameondoka, Said ameondoka, na usalama uliokuwa ndani ya jina umeondoka nao. Jilfidan alitolewa kwao kwa nguvu akafanywa mtu mwingine. Binti yake akatoka kwao kwa miguu yake mwenyewe, naye pia akafanywa mtu mwingine.

Wakakaa Hamburg, mji wa baridi na ukungu. Watoto watatu wakazaliwa kwa kufuatana: binti mwezi wa Machi 1868, mwana mwezi wa Aprili 1869, na binti tena mwezi wa Aprili 1870. Na hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha wasomaji. Watoto wale walikuwa Wajerumani kwa baba, kwa sheria na kwa ubatizo. Jirani wa Hamburg hangeshangaa kama wangepewa majina ya Kijerumani matupu. Lakini kila mmoja alipewa majina mawili. Wa kwanza aliitwa Antonie Thawka. Wa pili aliitwa Rudolph Said. Wa tatu aliitwa Rosalie Ghuza.

Jina la mbele lilikuwa la barabarani, la shuleni na la kanisani. Jina la nyuma lilikuwa la nyumbani, tena nyumbani kwenyewe si Hamburg. Katika yule mwana, jina la kwanza lilikuwa la babake na la pili la babu mzaa mama, yule aliyelala Unguja. Mwenye kujua desturi zetu atacheka kidogo hapa, maana ndivyo tufanyavyo sisi: upande wa baba upate sehemu yake na upande wa mama usisahauliwe. Mwanamke aliyekwisha kuacha dini, mji, ndugu na mavazi, alipofika kwenye jina la mwanawe alishika la kwao. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Huyu aliacha mengi, lakini ncha ya uzi hakuiachia.

Agosti 1870, Rosalie Ghuza hajamaliza miezi minne, Ruete alianguka katika ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi, akafa. Miezi miwili baadaye Majid naye akafariki Unguja, na kiti kikamwangukia Barghash, yule aliyewahi kuandikiwa barua na Salme na kisha akamwona kuwa msaliti. Mjane wa miaka ishirini na sita akabaki na watoto watatu katika nchi ya ugeni. Alihama Hamburg akaenda Dresden, Rudolstadt na Berlin, akifundisha Kiarabu apate chakula cha wanawe. Aliomba urithi wake Unguja, hakupewa. Kwa sharia, aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu, na Barghash alilishika neno hilo. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alisafiri mpaka huko kumtafuta nduguye, wasionane. Waingereza walikuwa na mambo yao na Sultani, hawakutaka yaharibike kwa machozi ya mwanamke mmoja.

Wajerumani nao walikuwa na yao. Mwaka 1885 Bismarck alipokuwa anataka pwani yetu, serikali yake ilimrudisha Salme Unguja kwa meli, pamoja na watoto wake, ili madai yake yawe fimbo ya kumtishia Barghash. Baada ya miaka kumi na tisa aliiona tena minazi ya Unguja. Watu wa mji walimiminika njiani kumwamkia, naye akawajibu kwa Kiswahili chao. Nduguye hakukubali kumwona. Wajerumani walipopata walichokitaka, habari ya urithi wa Bibi Salme ikawekwa kando. Alijaribu tena mwaka 1888, Barghash akiwa ameshakufa, akarudi mikono mitupu.

Baina ya safari hizo mbili, mwaka 1886, alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, kitabu ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza cha mwanamke wa Kiarabu kuandika habari zake mwenyewe. Msichana aliyeiba maandishi kwenye mfupa wa ngamia ndiye aliyetuhifadhia habari za Mtoni: nani alilala wapi, walikula nini, waliombolezaje, walisherehekeaje. Tumshukuru kwa hilo. Lakini haki isemwe yote. Katika kitabu hicho aliutetea utumwa wa kwao, akauona mwepesi, naye mamaye alikuwa mtu aliyenunuliwa. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina la Emily Ruete. Haukupita muda mrefu wakaamua kuliondoa kwa sababu ya maneno yake hayo. Hata kaburini majina yake yanaendelea kuvikwa na kuvuliwa na watu wengine.

Baada ya mwaka 1888 aliondoka Ujerumani, akakaa Jaffa, kisha Beirut, huko ambako angalau adhana ilisikika, mpaka mwaka 1914. Katika maandishi yaliyochapishwa baada ya kufa kwake, alikiri kwamba ile dini mpya aliingizwa bila kufunzwa na wala hakupata utulivu ndani yake. Uzeeni serikali ya Unguja, chini ya Sultani Khalifa bin Harub, ilimkatia posho ndogo. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari, 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf kwa watu wa mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliouweka miaka yote ile, nao ukazikwa pamoja naye.

Je, majina yale ya nyuma yaliishia wapi? Binti wa kwanza, Antonie, aliolewa na Mjerumani aliyetawala visiwa vya Marshall, mbali katika bahari ya Pasifiki. Rosalie aliolewa na mwanajeshi wa Prussia. Kwa wanawake wale jina la ubavuni lilikaa kimya. Lakini Rudolph Said alifanya jambo. Akiwa mtu mzima aliyepita jeshini, alilitoa jina la babu yake nyuma akalitia katika jina la ukoo. Tangu hapo akawa Rudolph Said-Ruete. Mwaka 1929 akachapisha London kitabu cha maisha ya Seyyid Said bin Sultan, babu ambaye hakuwahi kumwona. Mwaka 1932 Unguja ikamtunukia nishani ya Nyota Ing'aayo. Mlango aliofungiwa mama ulifunguka kidogo kwa mwana, na ufunguo wenyewe ulikuwa jina alilopewa mchangani mwake, huko Hamburg, na mama asiye na kingine cha kumpa.

Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alitufunza kuwachagulia watoto majina mema, na yeye mwenyewe aliyabadilisha majina yenye maana mbaya. Hilo latuonyesha mambo mawili. Kwamba jina lina uzito. Na kwamba uzito huo umo katika maana yake kwanza, kabla ya kutazama nani mwingine aliwahi kuitwa hivyo. Salme ni jina la amani. Lilikuwapo kabla ya binti wa Mtoni, nalo halikutoka katika dini alipotoka yeye. Kwa upande wa pili, yule bibi wa Lamu naye hakukosea. Anayemwogopea mjukuu wake mfano mbaya anatimiza wajibu wake, na nyumba isiyo na bibi wa kukataza ni nyumba ya upweke.

Hayo ndiyo niliyomwambia kijana yule Ijumaa ile, kwa ufupi kuliko nilivyoandika hapa. Alikunja karatasi yake, akalipa kahawa ya wote, akaenda kupanda matatu ya Kangemi.

Siku ya saba ilipopita alinipigia simu. Akika ilichinjwa, nywele zilinyolewa, ubani ulifukizwa mpaka majirani wa bara wakauliza kuna nini. Mtoto ameandikwa Salme. Bibi yake hajalitamka jina hilo hata mara moja. Amemwita Mwanaisha, jina la mama yake mwenyewe, na kila ambembelezapo humwimbia hilo. Kijana aliniuliza afanyeje.

Nikamwambia asifanye lolote. Mtoto ana majina mawili, na yote mawili ni ya kwao.